"Si mashine ndo imefuma, mbona bei kubwa?"

SWALI: Shikamoo anti. Tunafuma sweta kwa mashine hapa nyumbani, mume wangu ndo anasukuma mashine, mimi naunganisha vipande na kuweka kola, binti yetu anashona vifungo na kujibu wateja kwenye simu. Oda zipo tena nyingi tu, lakini mwisho wa mwezi hela haionekani. Bei tunapanga kwa kuchukua gharama ya uzi mara mbili, na bado wateja wanasema si mashine ndo imefuma, bei yote hiyo ya nini? Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo "uzi mara mbili" ndo inawamaliza. Sweta ya rangi moja na sweta ya maua ya rangi nne hazipishani kwa uzi kama zinavyopishana kwa muda, moja baba anaimaliza fasta na nyingine inamkalisha mpaka mgongo unauma, halafu kwenu bei hazipishani hivyo. Sasa nani asichague ya maua?

Anzeni na saa. Chukueni sweta mnayouza sana, kila mtu aandike ameanza saa ngapi kamaliza saa ngapi. Mashine nyingi za nyumbani zina sindano 200, ukisukuma mara moja mstari mzima umeisha, ndo maana mgongo na kifua vinatoka haraka. Lakini mashine haiunganishi mabega, haifichi ncha za uzi, haishoni mikono wala haipigi pasi ya mvuke, yote hayo ni wewe na hulipwi hata senti. Na binti naye, maana kujibu "bei gani" kutwa nzima ni kazi jamani. Masaa ya wote watatu yapigieni malipo ambayo mngempa mtu baki, kwa sababu siku binti akiondoka mtamtafuta huyo mtu baki na bei ya sasa haitamlipa.

Uzi pimeni kwa mzani, koni kabla na koni baada, msipime sweta iliyokamilika, maana kuna uzi wa kuanzia unaotupwa, kuna kipande kilichodondosha mishono kikaharibika, na kuna kipande kidogo cha majaribio cha kupimia mishono kabla ya sweta, ambacho naomba msikiruke. Kipande hicho kikitoka mashineni kinakuwa kimevutwa kwa urefu, kifueni kikauke ndo mhesabu mishono ya sweta, la sivyo mtafuma mikono upya na faida imeondoka hivyo.

Mashine nayo inakula. Sindano zinapinda, ule ukanda wa sponji unaozikandamiza unabonyea na mishono inaanza kudondoka hovyo, basi kila sweta ichangie kidogo. Faida inakuja juu ya hayo yote, na mkitaka kuuzia maduka hakikisheni hata bei ya jumla inalipa masaa yenu.

Anayelalamika usibishane naye, binti amtumie video fupi ya wewe ukiunganisha kola mshono kwa mshono. Akisema bado ni ghali mpe skafu au kofia, hazina kushona kwingi kwa hiyo mnaweza kushusha bei bila kuumia. Oda mlizokwisha pokea malizieni kwa bei ya zamani, mpya ndo zianze na bei mpya.