Kuhusu maandalizi ya binti kwa shule za vipaji maalumu

Ndugu mzazi, umeuliza kama binti yako wa darasa la saba apelekwe tuisheni kila jioni ili achaguliwe kwenda Kilakala au Msalato, shule za sekondari za wasichana wenye vipaji maalumu hapa Tanzania. Uteuzi wa shule hizo hutegemea alama za mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi, kwa hiyo anapaswa kuyamudu masomo yote, siyo Hisabati peke yake. Ningeshauri jioni mbili au tatu tu kwa wiki, tena kwa masomo yanayomlemea, kwani mtoto aliyechoka hukariri bila kuelewa. Mpe mitihani ya miaka iliyopita aifanye kwa muda uliopangwa, kisha mkae pamoja na kupitia kila swali alilokosa, hadi aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe kosa lilianzia wapi. Hapo ndipo penye faida kubwa, kuliko kumrundikia maswali mapya kila siku. Azoee pia kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu katika fomu ya majibu kwa penseli, kwa sababu akiruka swali moja bila kuacha nafasi yake, majibu yote yanayofuata huhama. Na asipochaguliwa, tafadhali asiambiwe kwamba ameshindwa, kwani nafasi ni chache na wengi waliofaulu vizuri hupangiwa shule nyingine.