Anza na Mazungumzo ya Melini, si Mbio za Msituni

Nilipoisoma mara ya kwanza "The Most Dangerous Game", hadithi fupi ya Mmarekani Richard Connell iliyochapishwa mwaka 1924, nilikuwa kidato cha tano hapa Dodoma, na nilifanya kosa ambalo wanafunzi ninaowafundisha jioni hulirudia kila mwaka: nilikimbilia msituni. Insha yangu ilijaa mitego, mbwa na mawimbi ya bahari, na mwalimu akaandika kwa wino mwekundu kwamba nimesimulia upya bila kujibu swali.

Swali la maadili, yaani kama mwindaji anapaswa kuijali hofu ya anayewindwa, limewekwa mapema, melini, kabla damu haijamwagika. Rainsford, mwindaji mashuhuri, yuko safarini kwenda Amazon kuwinda jagwa, yule paka mkubwa wa Amerika ya Kusini. Mwenzake Whitney anadhani wanyama nao wanaijua hofu. Rainsford anampuuza, kwa kuwa kwake yeye dunia ina wawindaji na wawindwa tu, na wao wawili wana bahati ya kuwa wawindaji. Yanakili maneno hayo kwenye daftari kabla ya kufungua ukurasa unaofuata, kwa sababu yote yatakayompata kisiwani, baada ya kuanguka baharini na kuwindwa msituni na Jenerali Zaroff, mtu anayewinda binadamu kwa kujifurahisha, ni jibu la maneno hayo.

Jambo lililonifumbua macho halikuwa katika mwongozo wowote. Nikiwa mtoto, mjomba wangu wa Kondoa alinichukua alfajiri moja kwenda kukagua matanzi aliyowategea kanga, na tukakuta tanzi moja limemnasa digidigi mguu wa nyuma. Hakulia. Alilala ubavu, pua ikimcheza, na nilipomwekea kiganja kifuani moyo ulikuwa unadunda kwa kasi ambayo sikuweza kuihesabu. Mjomba alimchinja upesi, tukamla kwa ugali wa mtama, na nakiri kwamba niliomba kuongezewa. (Kuwinda bila kibali ni kosa la kisheria, na hapa simtetei mjomba.)

Miaka mingi baadaye nilifika pale Rainsford alipojilaza juu ya tawi usiku, naye Jenerali Zaroff akaufuata unyayo wake hadi chini ya mti, akainua macho taratibu, akayasimamisha kabla hayajafika kwenye tawi, akatabasamu, akapuliza moshi na kwenda zake. Nilikikumbuka kifua cha yule digidigi. Hata hivyo kumbukumbu kama hiyo haitoshi kuwa hoja, na ninachowashauri wanafunzi ni kutafuta mahali inapoachana na hadithi: mjomba aliua haraka ili tule, ilhali Zaroff anamwacha mtu hai ili kesho apate kumwinda tena. Michoro ya miambani ya Kolo, huko huko Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, nayo ina wanyama na wawindaji, na anayehitimisha kwamba hadithi hii inalaani kila uwindaji ameisoma juujuu.

Jaribu pia kulitafsiri jina lenyewe. Neno "game" lina maana ya mchezo na pia ya mnyama anayewindwa, na Kiswahili kinakulazimisha kuchagua kati ya mchezo na windo; nusu saa ya kubishana juu ya uchaguzi huo ilinifundisha mengi kuliko muhtasari wowote. Kisha usiipite haraka orodha ya mabaharia ambao Zaroff anaona wanafaa kuuawa. Watu weusi wamo, na msomaji wa huku kwetu ana haki ya kusimama hapo na kuuliza ni nani anayepanga thamani ya uhai.

Mwisho ndio unaozua ugomvi darasani. Pigano lenyewe kati ya Rainsford na Zaroff hatuonyeshwi. Tunaelezwa tu kwamba Rainsford aliona hajapata kulala kwenye kitanda kizuri kuliko kile, nacho ni kitanda cha Zaroff. Wengi huandika kwamba amejifunza huruma. Mimi sioni huruma katika usingizi ule, ila simnyimi alama anayenipinga, mradi arudi melini na kunionyesha ni neno gani alilomwambia Whitney ambalo sasa Rainsford asingeweza kulisema tena.