Ukiinama Kupalilia na Dunia Ikazunguka

Juma lililopita mama mmoja wa Uvira aliniandikia hivi, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: “Yaya, nina matuta sita ya mchicha wa lengalenga na magugu yamenishinda. Nikiinama kuyang'oa, dunia inazunguka mpaka nashika udongo kwa mikono miwili. Mume wangu anasema niache shamba. Niache?”

Mdogo wangu, usiache. Nilitaka kukujibu kwa maneno matatu, nikashindwa, kwa sababu ulichoniuliza ndicho kilichonila mwaka mzima. Acha nikusimulie.

Ilikuwa alfajiri, mwezi wa tatu mwaka jana. Nimelala, simu ikalia, nikageuka upande wa kuume niichukue. Paa likakimbia. Ukuta ukafuata paa. Nikajua ni tetemeko la ardhi, maana sisi wa Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, tuna kumbukumbu moja isiyofutika: ile Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, ukubwa wa 5.9, mji mzima nje, watu wanaliliana barabarani. Nikapiga kelele watoto watoke. Wakatoka na blanketi mabegani, wakasimama uani, wakanitazama mimi niliyeshikilia nguzo ya mlango. Balbu ya barazani ilikuwa imetulia tuli. Hakuna jirani aliyeamka. Tetemeko lilikuwa langu peke yangu.

Tangu siku ile kila nilipogeukia kuume kitandani, kila nilipoinua macho kuanua nguo kwenye kamba, na kila nilipoinama kwenye tuta, mambo yalikuwa yale yale. Mzunguko wenyewe ulikuwa mfupi. Kichefuchefu ndicho kilichobaki mpaka saa sita.

Sasa fikiria shamba langu. Liko kwenye mteremko upande wa Bagira, matuta kumi na moja ya karoti, poaro (liki) na shu (kabichi), na kutoka tuta la juu hadi la chini ni kushuka kweli kweli. Nyinyi mnaonisoma mnajua kwa nini tunalima hivi mjini. Tunataka bustani ilipe minervali, yaani karo ya shule, ilipe bati, na siku moja tusimame kwenye soko la Nyawera tukiuza kwa bei yetu, si ya mchuuzi aliyekuja kutununulia saa kumi na moja asubuhi. Mimi nilikuwa nimefika karibu. Msimu uliotangulia karoti zangu zilikuwa nzuri kiasi kwamba wanunuzi walipanda mlima wenyewe kuzifuata.

Nikaenda kituo kimoja cha afya. Walipima damu, hawakuona malaria, wakanitundikia kinini hata hivyo. Siku ya pili masikio yalianza kulia kama nyenje wa usiku na kizunguzungu kikazidi. Kivu yetu imepanda miti ya kinkina tangu enzi za Wabelgiji, kinini hutoka kwenye maganda yake, na bado hakuna aliyeniambia kwamba dawa hiyo yenyewe huleta mlio masikioni na kizunguzungu. Nilipolalamika wakasema ni tansio, yaani shinikizo la damu, wakaandika vidonge vingine. Zamu yangu yote ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ikaishia pale. Bado inaniuma, sitaficha. Aliyenitibu hakuniuliza hata swali moja kuhusu kichwa changu.

Halafu likaja lile neno ambalo kila familia ya hapa inalijua. Karuho, yaani sumu ya kutiwa na mtu kwenye kinywaji au chakula. Siku mbili kabla ya alfajiri ile wifi yangu alikuwa ameniletea kasiksi, pombe ya ndizi, tukanywa pamoja, tukacheka. Watu wakahesabu siku kwa vidole. “Nani alikupa kinywaji?” wakaniuliza. Nikamtaja. Sikumshtaki kwa mdomo, lakini kwenye matanga ya baba mkubwa, mbele za ukoo wote, alinipakulia bukari, yaani ugali, na samaki wadogo wa sambaza, nami nikaisukuma sahani. Mnaoishi Bukavu mnajua maana ya kusukuma sahani.

Miezi minne iliyofuata haina la kusimulia, ilikuwa kulala na kuamka. Nikisimama mlangoni niliona shamba likigeuka rangi. Karoti zilipotea chini ya yale magugu ya majani matatu, kila jani umbo la moyo, maua ya waridi, ambayo watoto huyatafuna kwa sababu ni machachu. Kwenye mipaka sangari, nyasi ya mizizi mirefu, ilikuwa inaingia, ile ambayo ng'ambo ya mto Ruzizi wanaiita urwiri.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa juu, mama mtu mzima ambaye namwita yaya. Jumamosi moja baada ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, alinikuta nimekaa chini ya mparachichi, najitahidi kung'oa majani matatu kwa mkono bila kuinama sana.

“Mdogo wangu, unaling'oa hilo tangu lini?”

“Tangu asubuhi, yaya.”

“Nionyeshe ulichotoa.”

Nikamwonyesha rundo. Akalipekua. “Majani matupu. Kitunguu chake kiko wapi?”

Akachukua uma wa kulimia, akauzamisha wote, akainua bonge la udongo na kulivunja polepole. Chini kulikuwa na kijitunguu kimoja, na kwenye nyuzi zilizotoka pembeni yake watoto wengi wadogo, wengine kama punje ya mtama. Kila nilipovuta jani, wale watoto walikatika na kubaki. Kila nilipopiga jembe, niliwatawanya tuta zima. Kwa miezi nilikuwa ninaipanda mwenyewe.

Tukakaa pale, yeye akichambua udongo, mimi nikimpa beseni. Ndipo akauliza, macho yakiwa bado kwenye udongo: “Hiyo vertije yako, hicho kizunguzungu, inakushika ukigeukia upande gani?”

“Kuume.”

“Inadumu muda gani?”

“Sijui, yaya. Naona kama saa nzima.”

“Leo usiku geuka, uhesabu.”

Usiku ule nilihesabu. Ishirini na tano. Nikageukia kushoto: hakuna kitu. Asubuhi nikamwambia, akasema yeye mwenyewe iliwahi kumshika vile vile, na kwamba niende kwa daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita ORL, nisimeze tena kidonge cha mtu.

Daktari alifanya kitu kimoja kwanza. Alinigeuza kichwa upande wa kuume, akanilaza haraka chali, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni mwa kitanda, akayatazama macho yangu. Yalikuwa yanacheza yenyewe. Akasema ni vijiwe. Ndani ya sikio la kila mtu kuna chembe ndogo sana za chokaa zinazousaidia mwili kujua wapi juu, wapi chini. Zikibanduka mahali pake na kuingia kwenye mojawapo ya ile mifereji mitatu iliyopinda, kila ukigeuza kichwa zinabingirika, na ubongo unaambiwa kwamba unazunguka wakati umelala tu. Ukitulia, nazo zinatulia, ndiyo maana haifiki dakika moja.

“Uliwahi kujigonga kichwa?” akauliza.

Mwezi wa pili, kwenye kile kijia cha udongo mwekundu baada ya mvua, niliteleza na beseni la karoti kichwani nikapiga kisogo kwenye jiwe. Niliokota karoti nikaendelea na safari. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Akanitibu pale pale, bila sindano. Ni njia ya daktari wa Marekani, John Epley, iliyochapishwa mwaka 1992. Kwa sikio la kuume inakwenda hivi: unakaa kitandani, kichwa umekigeuza nusu kuelekea kuume. Unalala chali kwa haraka, mto ukiwa chini ya mabega ili kichwa kiinamie nyuma kidogo. Mzunguko utakuja, uvumilie, kaa hivyo nusu dakika au zaidi mpaka uishe. Bila kuinua kichwa, kigeuze polepole mpaka kitazame kushoto kwa kadiri ile ile, usubiri tena. Kisha lalia ubavu wa kushoto, uso ukielekea sakafuni, usubiri. Mwisho unashusha miguu na kuinuka ukikalia upande huo huo wa kushoto. Kama ni sikio la kushoto, geuza yote. Mara ya kwanza ufanyiwe na anayejua, kwa sababu ukikosea sikio utahangaika bure, na mwenye shingo mbovu asijaribu peke yake.

Niliondoka nikitembea kama mtu aliyetua mzigo. Baada ya miezi mitatu ilirudi, ndivyo ilivyo, hurudi kwa wengi. Nilijifanyia mwenyewe kitandani jioni mbili, ikaondoka.

Basi mama wa Uvira, hesabu kwanza. Hesabu sekunde, tazama ni upande gani. Ikiwa ni fupi na inakuja kwa kugeuka, kulala au kuinama tu, kuna uwezekano mkubwa ni vijiwe kama vyangu, nenda upimwe. Lakini ikiwa inaendelea masaa bila kukatika, au inakuja na ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kulegea, kushindwa kabisa kutembea, kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa, au sikio kuziba ghafla, usinisome tena. Panda pikipiki uende hospitali saa hiyo hiyo.

Na ukiwa unasubiri kupimwa, shamba unaweza kuliendea. Kaa kwenye kigoda kifupi, usiiname kutoka kiunoni. Sogeza kigoda, usivute kichwa kufuata gugu. Palilia ukiangalia mlima, mgongo kwenye bonde, ili ukishikwa uangukie tuta. Usiende peke yako kwenye tuta la ukingoni. Inuka kwa awamu: kaa wima, hesabu kumi, ndipo usimame. Hesabu, nakuambia, kuhesabu kumenisaidia kuliko vidonge vyote nilivyonunua.

Kuhusu majani matatu: usivute. Chimba kwa uma udongo ukiwa na unyevu kidogo, vunja bonge kwa mkono, toa kijitunguu na watoto wake. Sisi tulipitisha udongo wa matuta mawili kwenye chekeche, kazi ya kuvunja mgongo, na hayo mawili ndiyo safi kuliko yote hadi leo. Yale tusiyoweza kuchekecha tunayakata majani yakiwa machanga bado, tena na tena, kabla hayajalisha watoto wapya chini. Kitunguu kinatumia akiba yake mpaka kinachoka. Inachukua misimu. Usitupe vijitunguu kwenye mboji, vitarudi na samadi yako mwenyewe. Juu ya tuta tunalaza majani ya tithonia, yale maua ya njano yaliyojaa kando ya barabara za Kabare, tabaka nene, na yakioza yanarutubisha udongo.

Sangari ni rahisi kidogo ukingoja kiangazi. Mwezi wa saba tunachimba mizizi yake mirefu bila kuikatakata, maana kila kipande ni mche mpya, tunaianika juani mpaka ivunjike kama kuni. Majani yake simbilisi wanayapenda.

Hapo nilifanya kosa moja ambalo lazima niliseme. Nilipopona nilikuwa na hasira na magugu yote, nikang'oa hata sangari ya ukingo wa chini kabisa, nikaacha udongo mtupu mweusi unaong'aa, nikajisifu. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilishuka usiku, na asubuhi tuta la kumi na moja lilikuwa kwenye mtaro wa barabara. Hapa Bukavu tumezika watu kwa sababu ya udongo unaotembea, na mimi niliuvua nguo kwa mikono yangu. Ukilima mteremko, acha ukanda wa majani ukikata mlima kwa upana. Ukate, usiung'oe.

Sasa nina matuta kumi. Msimu huu nimeuza karoti za kutosha kulipa minervali ya watoto wawili kwa wakati, na nilipokuwa nahesabu noti zile nililia. Najua wengi wenu mnasoma hapa mkiwa na kizunguzungu na jina la mtu kichwani. Wifi, jirani, mke mwenza, shangazi aliyewapa juisi siku ya sherehe. Nawasihi, kabla hujasukuma sahani ya mtu, nenda upimwe sikio. Kabla hujamtaja mtu mbele za ukoo, jiulize uliangukia wapi, ulimeza dawa gani. Neno likishatoka huwezi kulichekecha kama udongo.

Nilikwenda kwa wifi yangu mwezi wa tisa kumwomba msamaha. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Kinywaji hakunipa. Tangu hapo kila mavuno ninamtumia kapu la karoti, zile za tuta tulilochekecha, zilizonyooka. Kapu hurudi kesho yake na mtoto wake wa mwisho, tupu, limeoshwa.