Mchumba ameota ndoto njema, vipimo vyasema mengine

*Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Tanga. Nimeposwa na kijana mwenye heshima zake, nusu ya mahari imeshatolewa na ndoa imepangwa Mfungo Mosi. Tulipokwenda kupima afya tuligundua kwamba sote wawili tuna AS, yaani tumebeba kinasaba cha selimundu (sikoseli). Mchumba wangu alisali istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo, akaota tuko bustanini na watoto watatu wenye afya, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za vipimo. Mimi nimesali usiku mwingi bila kuona ndoto yoyote, na hofu hainitoki, kwa sababu nilishiriki kumuuguza mtoto wa mjomba wangu mwenye maradhi haya. Mama anasema jitihada haiondoi kudura, na kwamba ninataka kumfundisha Mungu kazi yake. Je, kusita kwangu ni upungufu wa imani?*
*Mwenye Wasiwasi, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi: la, kusita kwako si upungufu wa imani. Mtu anayesali usiku, kisha kukicha akaendelea kuuliza maswali, hajapungukiwa na kitu mbele ya Mola wake. Mimi si mwanachuoni, na yale ya fikihi utayapeleka kwa shekhe unayemwamini; lakini yapo mambo katika kisa chako ambayo hayangoji fatwa, yanangoja watu wakae chini waambiane kweli.

Tuitazame kwanza hiyo istikhara, maana imebebeshwa mzigo usio wake. Dua yake, kama ilivyopokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah katika Sahihi ya Bukhari, husomwa baada ya rakaa mbili zisizo za faradhi, na ndani yake mja anakiri kwamba Mwenyezi Mungu anajua naye hajui, kisha anaomba kwamba jambo lile, ikiwa lina kheri katika dini yake, maisha yake na mwisho wake, akadiriwe na lifanywe jepesi, na ikiwa lina shari aepushwe nalo na apewe kheri popote ilipo. Hamna ndani ya dua hiyo neno lolote la ndoto. Ndoto njema ni bishara, na aliyeiota ana haki ya kuifurahia, lakini mchumba wako aliota hali moyo wake umekwisha kukuchagua, na ndoto yake haikufungi wewe. Nawe kutoota hakumaanishi kwamba hukujibiwa. Majibu ya maabara yalikufikia kabla ya nikaha, wakati bado una nafasi ya kuyatumia. Kwa nini tusiyahesabu kuwa sehemu ya kile ulichokiomba? Sisemi kwamba ni katazo. Nasema ni elimu uliyoletewa mapema, na elimu ya namna hiyo haifai kufungiwa kabatini kwa sababu mtu ameota bustani.

Kisa cha ngamia afungwaye ndipo mtu atawakali nakiacha, kila mmoja wetu anakijua. Nakukumbusha kingine kisichotajwa sana barazani, cha Fatima bint Qays, kilichomo katika Sahihi ya Muslim, ambaye baada ya eda yake kwisha aliposwa na wanaume wawili, Muawiya na Abu Jahm, akaenda kumtaka shauri Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume hakumwambia akalale angoje kuonyeshwa. Alimpa habari za waposaji wake waziwazi: Abu Jahm hashushi fimbo yake begani, na Muawiya ni fukara asiye na mali, kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zaid. Bibi yule hakulipenda shauri hilo mwanzoni, akaja kulikubali, na mwenyewe akasimulia kwamba aliona kheri ndani yake. Tazama basi: mwanamke anaposwa, na yanayowekwa mezani ni tabia ya mtu na hali yake, mambo yanayojulikana na kuthibitishika. Damu ya AS nayo ni jambo la kujulikana na kuthibitishika.

Mama yako simlaumu. Methali aliyokupa ni ya kweli, ila huvutwa mahali pasipo pake: hutuliza moyo wa mtu aliyekwisha kufanya alilopaswa kufanya, wala haikutungwa kumzuia asifanye. Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa njiani kuelekea Shamu, nchi ya Syria na jirani zake, alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari kwamba kuna tauni mbele, aliwaita watu makundi kwa makundi akawataka shauri, kisha akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida, sahaba mkubwa asiyetiliwa shaka imani yake, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Msimulie mama kisa hiki kwa adabu, jioni moja akiwa ametulia, bila ya kumfanya aonekane mshindwa. Nadhani nyuma ya maneno yake kuna hofu tu, ya posa kuvunjika na majirani kusema.

Sasa tuje kwenye damu yenyewe, kwa sababu hofu yako inahitaji hesabu kamili ili ijue ukubwa wake. Mwenye AS si mgonjwa. Wengi huishi hadi uzeeni bila kujua, na kinasaba hicho huwakinga kwa kiasi fulani na malaria kali, ndiyo maana kimeenea hasa kwetu huku pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, palipokuwa na malaria kwa vizazi vingi. Tatizo huja wawili wenye AS wanapozaa pamoja. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuwa na SS, yaani selimundu yenyewe, ni asilimia 25. Wa kuwa AS kama ninyi ni asilimia 50. Na wa kutorithi kabisa ni asilimia 25. Kila mimba huanza upya, haiangalii zilizotangulia, kwa hiyo aliyezaa mtoto mgonjwa hajamaliza fungu lake. Tukiwachukua wale watoto watatu wa ndotoni, uwezekano wa wote watatu kuzaliwa bila selimundu ni takriban asilimia 42. Ndoto ya mchumba wako, basi, yaweza kabisa kutimia, lakini hesabu inaegemea kidogo zaidi upande wa kupata angalau mtoto mmoja mwenye maradhi.

Hakikisheni pia mlipimwa vipi. Kipimo cha haraka huonyesha kwamba himoglobini S, ile ya selimundu, ipo, lakini kinachotofautisha vizuri aina za himoglobini ni elektroforesisi, kipimo kinachozitenganisha kwa umeme, au kipimo kingine cha maabara kubwa, na kabla ya kuamua jambo zito kama hili ni haki yenu kurudia. Kisha ombeni kuzungumza na daktari au muuguzi wa kliniki ya selimundu. Atawaeleza kwamba mtoto agundulikaye mapema, akapewa penisilini tangu uchanga mpaka miaka mitano, akalindwa na malaria, akatumia foliki asidi, na akaanzishiwa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, kwa wakati, hupata nafasi nzuri zaidi kuliko ile uliyoiona kwa mtoto wa mjomba wako. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imeshaanza kupandikiza uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu, ingawa si kila mtoto hupata wa kumchangia. Atawaeleza vilevile yale wewe unayoyajua tayari: maumivu yanayokuja usiku bila hodi, kuongezewa damu, kulazwa, masomo kukatika, gharama, na mama anayeacha kazi ili amuuguze mwanawe. Unayajua haya kwa macho yako, na ndiyo maana sitaki mtu akwambie kwamba hofu yako ni ya Shetani.

Ikiwa jamaa zako wataona haya mambo ya vipimo ni ya kizungu, waambie kwamba Saudi Arabia tangu 2004 imewataka wachumba wapimwe selimundu na thalasemia, maradhi mengine ya damu ya kurithi, kabla ya nikaha. Majibu hayazuii ndoa. Wanaambiwa, na uamuzi unabaki mikononi mwao.

Na uamuzi wenu je? Wapo wawili wenye AS walioachana wakiwa bado wanapendana, na wapo waliooana wakijua wanachokiingia, na sitakwambia kwamba kundi moja limemtegemea Mungu kuliko lingine. Aya ya 159 ya Sura Aal Imran imeweka mpangilio: shauriana, ukishaazimia, basi mtegemee Mwenyezi Mungu. Ninyi wawili bado hamjashauriana. Kinachonisumbua katika barua yako, kuliko hata hiyo AS, ni kwamba mwenzako ameifanya ndoto kuwa kufuli ya mazungumzo. Leo ni vipimo. Kesho itakuwa mtoto mwenye homa saa nane za usiku, nawe unasema twende hospitali. Mwanamume mwenye imani kubwa na masikio yaliyo wazi utaishi naye hata penye maradhi. Asiyetaka kuulizwa ni mzito kuishi naye hata watoto wakiwa wazima.

Kwa hiyo usivunje posa wiki hii, wala usikubali tarehe ikusukume. Mwombe mchumba wako jambo moja tu, mwende pamoja kwa daktari, na kabla ya kwenda umwambie wazi: akizaliwa mtoto mwenye SS, nani atabaki naye wodini, fedha zitatoka wapi, na je, tutaendelea kuzaa? Msikilize anavyojibu, na uangalie kama anakuuliza nawe. Nusu ya mahari iliyobaki isipokelewe hadi mtakaporudi. Mweleze baba yako sababu ili aliseme yeye kwa wakubwa wa upande wa pili, maana likitoka kinywani mwako litachukuliwa kuwa ni kiburi. Mkikubaliana kuahirisha hadi baada ya Mfungo Mosi, iahirisheni, kumbi zitakuwepo. Ikiwa mtaachana, hukumu ya mahari iliyokwisha kutolewa muulizeni kadhi mapema kabla ya watu kuanza kurushiana maneno. Na istikhara yako uendelee nayo, safari hii ukiwa na majibu kamili ya maabara mkononi.