Maswali ya Wasomaji: Usukani wa Boti Uliolegea

Swali: Ndugu Mhariri, nina boti ya futi 20 ambayo injini yake imekaa ndani na mguu wa propela umetoka nje ya shetri (sehemu ya nyuma ya boti). Usukani wake umelegea kiasi kwamba nauzungusha karibu robo ya mzunguko ndipo mguu uitikie. Fundi alinishauri nibadilishe kebo ya usukani, nami nikaibadilisha, lakini nafuu niliyopata ni ndogo. Zaidi ya hayo, ninapokwenda polepole omo (sehemu ya mbele) huyumba kushoto na kulia, na sasa naona maji kidogo chini ya injini ambayo hapo awali hayakuwapo. Mguu wangu ni MerCruiser Alpha. Je, ninunue pia boksi jipya la usukani?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue boksi la usukani kwa sasa. Mchezo, yaani ulegevu, uliobaki baada ya kuweka kebo mpya, ukiunganishwa na maji unayoyaona chini ya injini, unanifanya nishuku sehemu moja kuliko nyingine zote, nayo ni pini ya juu ya mguu pamoja na pete inayoibana. Hata hivyo shuku si ushahidi, na kipimo cha kuithibitisha hakihitaji kifaa chochote zaidi ya mikono yako na msaidizi mmoja.

Unapozungusha usukani, gia za ndani ya boksi husukuma au kuvuta kebo, na kebo hupeleka mwendo huo hadi kwenye kana, yaani ule mkono mfupi wa chuma ulio nyuma ya injini, ndani ya shetri. Kana huzungusha pini nene iliyosimama wima, na pini hiyo ina sehemu ya mraba iliyoingia kwenye pete ya gimbali na kubanwa kwa bolti. Pete ndiyo inayoubeba mguu na kuugeuza. Miguu ya Volvo Penta ina mpangilio wake, ila namna ya kuichunguza haitofautiani: unafuata mwendo kiungo kwa kiungo mpaka upate mahali unapopotea.

Pandisha boti kwenye trela, ushushe mguu hadi usimame wima, uzime injini na kutoa ufunguo. Msaidizi ashike usukani imara bila kuuzungusha. Wewe shika mguu chini kabisa, karibu na pezi lililo chini ya propela, kisha uusukume kushoto na kulia kwa nguvu ya kiasi. Baada ya hapo badilishaneni nafasi: msaidizi autikise mguu hivyohivyo, nawe uingie ndani ukaitazame kana. Mguu ukicheza na kana ikatulia, mwendo unapotea kati ya pini na pete, au kati ya pini na kana yenyewe. Kana ikicheza pamoja na mguu, basi ulegevu uko mbele zaidi, kwenye kebo, vifungo vyake au boksi. Pete ikitulia huku mguu peke yake ukicheza ndani yake, angalia pini za bawaba na bushi zake (vipande vya mviringo ambavyo pini huzunguka ndani yake) pande mbili za mguu.

Macho hudanganya katika kazi hii, kwa sababu mchezo wa milimita moja juu, kwenye pini, huwa sentimita kadhaa chini kwenye pezi. Kwa hiyo tumia kidole. Kiweke pale pini inapoingia kwenye pete, nusu ya kidole ikigusa chuma cha pini na nusu nyingine ikigusa pete, kisha mwambie msaidizi autikise mguu polepole. Kama vyuma hivyo viwili havigeuki pamoja, kidole kitahisi kimoja kikitangulia kingine hata pale jicho lisipoona kitu. Pengine utasikia na mgongano mdogo kila mguu unapobadili upande.

Ikiwa boti yako ina usukani unaosaidiwa na pampu ya haidroliki, kuna jambo ambalo huwapoteza wengi. Injini ikiwa imezimwa, valvu ya haidroliki husogea kidogo ndani ya makazi yake kabla ya kana kuanza kwenda, na mwendo huo si ubovu. Ndiyo maana nimekuomba uilinganishe kana na mguu badala ya kuulinganisha usukani na mguu.

Tuseme kipimo kimethibitisha kwamba tatizo ni pini na pete. Hatua ya kwanza ni kukaza bolti zinazobana pete, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha modeli yako, kwani viwango vimebadilika kadiri muundo wa pete ulivyobadilika. Kabla ya kukaza, angalia mwanya ulio kwenye mpasuko wa pete. Mwanya ukiwa bado upo baada ya kukaza na mchezo ukawa umekwisha, umepona kwa gharama ndogo sana, lakini rudia kipimo baada ya safari chache. Mwanya ukifunga kabisa, chuma kwa chuma, na mguu bado unacheza, tundu la mraba limeshalika na kukaza zaidi kutakata bolti tu. Kuna watu huchomelea pini na pete ziwe kitu kimoja. Nakusihi usikubali, kwa sababu siku sili (kizuizi cha maji kinachoizunguka pini) itakapohitaji kubadilishwa kazi itakuwa ya kukata na kuharibu, na joto la kuchomelea huunguza sili na bushi zilizo jirani.

Tundu likishalika, badilisha pete, pini, bushi na sili zake kwa pamoja, pamoja na bolti na nati za kujifunga. Pini mpya ndani ya pete iliyolika italika upesi, na bushi kuukuu zitaiacha pini iyumbe na kuharibu sili mpya. Hapo ndipo maji yako yanapopatia maelezo: pini inapoyumba, sili haiwezi tena kuikumbatia sawasawa, na maji hupita juu yake hadi ndani. Kabla ya kuilaumu sili, kausha sehemu ya nyuma ya injini kwa kitambaa, umwage maji kwa mpira wa bustani juu ya pini kwa nje, huku mtu akitazama ndani kwa tochi. Njia za kutu zinazoshuka kutoka kwenye kana ni dalili nzuri. Pasipo maji hapo, chunguza mipira ya mikunjo inayofunika shafti na kebo ya gia, maana ikipasuka nayo huingiza maji.

Kazi hii ni kubwa, sikufichi. Utaratibu wa kawaida ni kutoa mguu, kutoa injini na kuivua nyumba ya gimbali (fremu inayoishika pete) kutoka kwenye shetri. Baadhi ya mafundi hufupisha njia kwa kutoboa matundu ya kufikia pini, kisha kuyafunga kwa vizibo vyenye nyuzi za skrubu. Njia hiyo huokoa muda mwingi na inaweza kudumu ikiwa vizibo vimefungwa visivujishe, ila mimi ningeitumia tu kama injini haina sababu nyingine ya kutolewa. Boti ya umri mkubwa, yenye mipira ya mikunjo iliyochoka, inafaa ifunguliwe yote mara moja.

Kama kipimo kitaonyesha ulegevu uko mbele, anza na vitu rahisi: je, boksi lote linasogea kwenye dashibodi usukani unapozungushwa? Je, nati kubwa ya kebo imekazwa, na splitipini ya kwenye kana ipo? Kebo mpya iliyofungwa vibaya hucheza kuliko kebo ya zamani.

Kuhusu omo kuyumba, usitarajie matengenezo haya yaondoe kuyumba huko kote. Boti nyingi za aina hii huyumba zinapokwenda polepole hata zikiwa mpya, kwa kuwa propela haisukumi maji ya kutosha na mguu peke yake una eneo dogo la kuongoza. Nahodha anapokimbilia kurekebisha kila mara huongeza tatizo. Shusha mguu kikamilifu, sahihisha kidogo, kisha usubiri omo irudi yenyewe. Kuyumba kukiendelea hata boti inapopanda juu ya maji kwa mwendo wa kasi, huo ni mchezo wa usukani, na hadi utakapotengenezwa usiende kwa kasi wala kubeba abiria. Kiungo kilicholegea hupigwa na kila wimbi, na kikikatika mguu hugeuka unakotaka.

Swali: Usukani wangu haujalegea, lakini boti huvuta upande wa kulia nikiwa kwenye mwendo wa kasi, mpaka mkono unachoka. Nifanye nini?

Jibu: Tazama pezi dogo lililo juu ya propela, chini ya bamba la mguu. Legeza bolti yake, usogeze ncha yake ya nyuma kidogo kuelekea kulia, ukaze, kisha ujaribu kwa mwendo uleule na mguu ukiwa kwenye pembe ileile. Rudia kwa hatua ndogo mpaka usukani uwe mwepesi sawa pande zote mbili. Katika miguu mingi pezi hilo hutumika pia kuzuia kutu, kwa hiyo usilipake rangi, na likiwa limelika hadi kupoteza umbo, weka jipya kabla ya kuanza kulirekebisha.