Jibu: Magadi ya unga yanafoka haraka, je, yana nguvu zaidi?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini bonge la magadi linatoa povu polepole kwenye maji ya ndimu, ila ukilitwanga linafoka papo hapo. Hapana, unga hauna nguvu zaidi. Magadi ni yaleyale, na uzito ukiwa sawa, gesi ya kaboni dayoksaidi itakayotoka mwishoni ni ileile. Kilichobadilika ni kasi.

Asidi ya ndimu inagusa magadi, ambayo ni besi (kitu kinachomenyuka na asidi), pale juu tu. Ndani ya bonge kuna magadi mengi yanayosubiri zamu. Ukitwanga, umefungua nyuso nyingi mno, zote zinaguswa kwa pamoja.

Jaribu nyumbani: vikombe viwili, ndimu kiasi kilekile, mabonge mawili yanayolingana. Kimoja kiwe na maji ya baridi, kingine ya vuguvugu. Cha vuguvugu kitakimbia, kwa sababu chembe zinakwenda mbio, zinagongana mara nyingi na, muhimu zaidi, kwa nishati ya kutosha kumenyuka. Hapa ndipo wengi hupoteza alama kwenye mtihani: wanaandika "zinagongana" wanaishia hapo.

Wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanaijua kanuni hii ya joto kwa mikono yao. Samaki aina ya sato akikaa kwenye barafu, mimenyuko inayomwozesha inapungua kasi, haisimami kabisa.

Ukizimua ndimu kwa maji mengi, povu pia litapungua kasi. Hiyo ni athari ya mkolezo, yaani wingi wa asidi ndani ya maji; ijaribu kesho.