Maswali na Majibu: Barua Pepe ya Kazini Ukiwa Nje ya Ofisi

Tangu fundi aniwekee barua pepe ya ofisi kwenye simu wiki mbili zilizopita, kompyuta ya ofisini haipokei barua mpya. Je, ni virusi? (Mhasibu, Mafinga)

Si virusi, ni POP. Fundi wako alichagua njia inayozishusha barua kutoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayozitunza, na, isipoagizwa kubakiza nakala, kuzifuta kule zilikotoka, kwa hiyo hesabu za wiki mbili za ofisi yako sasa zimo ndani ya simu moja tu. Usiiondoe akaunti hiyo kwa haraka, kwa sababu barua zitaondoka nayo. Zima kwanza upokeaji wa barua kwenye simu, zitume upya zile muhimu kwenye anwani yako ya ofisi, hakikisha kwenye kompyuta kwamba zimefika, kisha ndipo uiweke akaunti upya kwa IMAP, mlango (port) namba 993, ambayo huziacha barua kwenye seva ili kila kifaa kione kilekile.

Sasa nikuulize mimi: fundi aliijuaje nywila yako? Kila mwezi napata barua za namna hii, na kila mara nywila imetajwa kwa sauti mbele ya wateja wengine, au imeandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobaki mezani kwa fundi. Kuandika nywila hakuhitaji ufundi. Mwache aandike anwani ya seva, halafu ichukue simu yako na uiandike nywila mwenyewe. Uliyomtajia ibadilishe leo.

Nywila inakubali kwenye kivinjari lakini programu ya barua kwenye simu yangu inaikataa. (Iringa mjini)

Nimelijibu swali hili mara nyingi. Kama barua za ofisi yenu zimo kwenye huduma ya Microsoft, tangu Oktoba 2022 kampuni hiyo ilianza kuzima njia ya zamani ya kuingia kwa jina na nywila pekee, na programu iliyopitwa na wakati haijui njia nyingine. Sasisha programu, ondoa akaunti, iongeze upya. Ukiendelea kubofya nywila ileile mara ishirini, utaishia kufungiwa akaunti.

Je, ninaweza kuelekeza barua zote za kazini ziingie Gmail yangu, ambayo nimeizoea? (Muuguzi, Tukuyu)

Hapana. Barua hizo zina majina na maradhi ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuandikwa kwa ajili ya benki peke yake.

Huku mashambani mtandao ni wa kubahatisha. Nitumie kivinjari au programu? (Bwana shamba, Njombe)

Programu, kwa kuwa hutunza barua ulizokwisha kuzipokea na kuipeleka uliyoandika pindi mtandao unaporudi, ilhali kivinjari kwa kawaida hukuachia ukurasa mweupe. Zima upakuaji wa viambatisho unaojiendesha wenyewe. Bando lako litadumu.

Simu yangu imepotea ndani ya basi la Tunduma. Nimebadilisha nywila kupitia kompyuta ya steshenari. Inatosha? (Vwawa)

Haitoshi, na ulianzia pasipostahili. Kama namba za uthibitisho huja kwa ujumbe mfupi, aliyeokota simu anazipokea yeye, hivyo cha kwanza ni kufunga laini. Pili, mpigie afisa TEHAMA wako aiondoe simu hiyo kwenye akaunti na kufuta barua zilizomo akiwa mbali, kwa maana simu iliyokwisha kuingia inaweza kuendelea kusoma kwa muda hata baada ya nywila kubadilika. Usione haya kumpigia usiku.

Tatu, kompyuta ya steshenari ni mashine ya mtu mwingine usiyemjua, na huenda kivinjari chake kimekwisha kuihifadhi nywila yako mpya. Ukipata kifaa unachokiamini, ibadilishe tena, utoke kwenye vifaa vyote, na kama ulipakua kiambatisho chochote pale, rudi ukakifute kwenye folda ya vipakuliwa kabla mteja anayefuata hajakiona.